Siku Mjomba Aliporusha Roketi

Juzi nilipita kwa fundi mageti hapa Mtoni, nikamkuta kijana anapiga tupa kipande cha bomba. Ile harufu kavu ya chuma kilichopata moto, inayokwama kooni, ikanirudisha Gongo la Mboto, uani kwetu, kwa mjomba Maganga. Nikasimama pale nimesahau nilichofuata. Kijana akaniuliza mara mbili nataka geti la aina gani.

Mjomba Maganga alikuwa mdogo wake mama, fundi feni na redio, na maneno yake yalikuwa mengi kuliko feni zote alizowahi kutengeneza. Aliamini kwamba serikali ni karani tu, na karani hampangii mwenye nyumba. Kwake kibali kilikuwa tusi. "Babu yako kule Tabora alijitengenezea gobore lake mwenyewe," alikuwa akiniambia huku tupa ikienda na kurudi. "Akalinda mahindi yake, hakuuliza mtu. Leo mie nikiwa na kitako cha bunduki tu, cha mbao, naitwa jambazi." Na kitako hicho alikuwa nacho kweli, cha mninga, kimening'inia ukutani bila mtutu. Hakuwa na mtu wa kumpiga. Alitaka tu kujua kwamba akitaka, anaweza.

Mapenzi yake hasa yalikuwa angani. Alinionyesha kwenye simu picha za matajiri wa ng'ambo wanaorusha vyombo kwa pesa zao wenyewe, na macho yake yalikuwa yakilowa. Wale, alisema, hawakupanga foleni kwa mtendaji wa kata, na mwezini hakuna mwenyekiti wa mtaa. Nilikuwa na miaka kumi, nikamwamini neno kwa neno, maana nyumbani kila mtu mzima aliogopa kitu fulani isipokuwa yeye.

Basi akaunda roketi. Bomba jekundu, urefu wa mkono wangu, mapezi matatu ya bati. Mama akamsihi awaarifu majirani, au angalau mwenyekiti.

"Nikimwarifu, dada, nimeomba ruhusa," akajibu.

"Watu wa hapa unawajua, Maganga," mama akasema.

Hakuwajua, na mimi sikuwajua. Sisi tulihamia kutoka Tabora baada ya usiku ule wa mabomu, maghala ya jeshi yalipolipuka. Tuliukuta kama hadithi, lakini wenyeji waliukimbia kwa miguu yao. Hata tairi la lori likipasuka barabarani, mtaa mzima ulinyamaza kwanza.

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri. Mama alikwenda sokoni, akaniachia mdogo wangu Pili, mtoto wa miaka minne, akanionya nisimwache. Nikamnunulia barafu ya ukwaju dukani kwa Mzee Salim, nikamkalisha kibarazani kwetu, nikamwambia asiondoke. Kisha nikakimbilia uwanja wa nyuma, nisije nikakosa kuiona roketi ikirushwa.

Ilipanda vizuri, nisiwafiche. Ilipita paa la kwetu, ikapita waya za umeme, na mjomba akainua mikono yote miwili. Halafu ikapasuka. Kishindo kilinigonga kifuani, kikafuatiwa na kimya, na baada ya kimya zikaja nyayo.

Sijawahi kuona watu wakikimbia vile. Mwanamke alibeba sufuria la wali lililokuwa bado linafuka. Mwanamume alitoka saluni nusu ya kidevu ina povu. Mzee Salim, Mwarabu wetu, ambaye hata kwenda kuswali alifunga kufuli mbili, aliliacha duka wazi akapita mbio na fimbo yake kwapani. Na mimi, niliyejua kwamba ni roketi ya mjomba tu, nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Ndipo nikamkumbuka Pili.

Kibarazani nilikuta mfuko wa barafu unayeyuka na kandambili moja. Nilipomwambia mjomba, uso wake ulibadilika rangi. Hakunigombeza. Alikwenda moja kwa moja kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, ambayo aliapa kutoikanyaga, na kwa sauti ndogo akamwomba mwenyekiti kipaza sauti. Mwenyekiti akampa.

Tukashika Barabara ya Pugu kuelekea Ukonga. "Mie ni Maganga, fundi feni," mjomba alikuwa akitangaza. "Kile kishindo nimekipiga mie. Hakuna bomu. Rudini nyumbani. Tunatafuta mtoto wa kike, gauni la njano." Sauti ilimkauka, akaendelea. Mama alitukuta njiani, akatangulia mbele peku, hakumtazama mjomba wala mimi. Niliogopa kwamba hatanitazama tena maisha yangu yote.

Tulikaribia Ukonga, jua likiwa limeshuka, tulipomwona mwanamke tusiyemjua anarudi taratibu, Pili mgongoni mwake amefungwa khanga, amelala. Mama alimpokea mtoto akakaa chini pale pale kwenye vumbi.

"Samahani sana, dada," mjomba akaanza. "Halikuwa bomu. Ilikuwa roketi tu, ya kujaribia."

"Mie ningejuaje?" akauliza yule mwanamke, bila ukali wowote. Kisha akamgeukia mama. "Nilimkuta kibarazani peke yake. Mara ile ya kwanza, usiku wa mabomu, nilikimbia peke yangu. Nikasema leo, hapana."

Alikataa nauli, akakataa hata soda. Alijifunga khanga yake kiunoni, akaenda zake. Mwenyekiti alimkabidhi mjomba polisi, naye mjomba akalala ndani siku mbili, akatoka bila kulalamika, jambo lililotushangaza wote.

Kwa miaka mingi maneno ya yule mwanamke sikuyatilia maanani. Niliona kukimbia peke yako ni wepesi tu, huna wa kumbeba. Nilikuja kuyaelewa mwaka jana, nilipojifungua, usiku mmoja jirani alipoangusha bati nikajikuta nimeshamkumbatia mwanangu kabla sijafungua macho.

Nikampigia mjomba. Bado anaamini kibali ni utumwa, atakubishia mpaka chai ipoe. Nikamwuliza kama anamkumbuka yule mwanamke. Nikasikia feni inazunguka nyuma yake.

"Nilirudi Ukonga Jumamosi nyingi kumtafuta," akasema. "Nilitaka kumwuliza mwanawe alikuwa anaitwa nani."