Ng'ombe wa mahari na ruhusa ya mkwe

Saa mbili asubuhi, ukungu haujaondoka kwenye migomba ya Ikinga, wilayani Ileje. Fortunata Mwampashi amepiga goti nyuma ya ng'ombe, mikono imejaa povu la sabuni hadi kwenye viwiko. Ng'ombe anasukuma. Mzee Watson Kibona, mwenye zizi, hawezi kutazama. Ameegemea nguzo na uso ameuelekeza shambani.

"Miguu ya mbele nimeishika," anasema Fortunata. "Kichwa ndicho nakisubiri."

Tumpale, mke wa mzee Watson, anaomba kwa sauti ya chini. Huyu ndiye ng'ombe wao pekee wa maziwa, na alikuja kama mahari ya binti yao, Ikupa, aliyeolewa Itaka, wilayani Mbozi. Akifa leo, maneno yatafika hadi nyumbani kwa Ikupa.

Fortunata, mwenye umri wa miaka 34, ni mtaalamu wa uhimilishaji, yaani humpandikiza ng'ombe mbegu bila kuhitaji dume. Ameajiriwa na kampuni binafsi ya huduma za mifugo yenye ofisi Vwawa. Pikipiki yake ikisikika kilimani, watani humpokea kwa kelele: "Dume limefika!" Naye huwajibu kuwa dume hilo linakunywa petroli, wasilicheleweshe.

"Mwanzoni nilikuwa nalia," anasema. "Mzee mmoja aliniambia, mwanangu, hii si kazi ya mtoto wa kike. Siku hizi nikichelewa, wa kwanza kunipigia ni yeye."

Mwezi mzuri humwingizia kama shilingi laki nne. Masika, barabara ikigeuka tope, hupata nusu yake. Hata hivyo anamshukuru Mungu, na anaushukuru mfumo wa kompyuta ambao zamani alikuwa akiulaani.

Mfugaji akipiga simu Vwawa kusema ng'ombe wake anatafuta dume, ombi huingizwa kwenye mfumo chini ya jina lake. Jina hilo limebeba ng'ombe wake wote, kila mmoja na namba ya hereni yake ya sikioni. Ombi humwendea mtaalamu wa kata husika na kukaa kwenye simu yake mpaka aandike kwamba kazi imekwisha.

Lakini si kila mtu anaona kila kitu. Rabson Mwashiuya, anayesimamia mfumo huo, anaeleza kwamba dada wa mapokezi huona jina na namba ya simu, mhasibu huona malipo tu, na mtaalamu huona magonjwa na mimba za ng'ombe wa kata zake.

"Zamani tulifungua chochote," anasema Rabson. "Mama mmoja ng'ombe wake aliharibu mimba, habari zikamtangulia mnadani. Alirudi naye nyumbani, hakuna aliyemgusa. Tangu hapo tukafunga milango."

Milango hiyo ndiyo iliyombana Fortunata miezi tisa iliyopita, alipoitwa kwa mzee Watson. Mzee alishachagua mbegu ya Friziani, ng'ombe wakubwa wenye maziwa mengi. Fortunata akaingiza namba ya hereni. Simu ikajibu kwamba ng'ombe huyo ana historia kata nyingine, na yeye hana ruhusa ya kuisoma.

"Nikamuuliza mzee, huyu alizaa salama kule? Akaniambia, sijui. Nikamwambia basi mpigie mkwe. Akakataa katakata."

Mzee Watson hafichi sababu. "Ng'ombe wa mahari unamuulizaje mkwe ana kasoro gani? Ni kumwambia umenipa kibovu. Mimi siwezi kutamka hilo, na yeye akilitamka kwangu sitamwelewa."

Fortunata akampigia Rabson. Rabson angeweza kuifungua historia yote, lakini hakuifungua. "Ng'ombe alikuwa bado kwa jina la mkwe wa Itaka," anasema. "Mwenye jina ndiye wa kukubali. Na mimi nikifungua kisicho changu, mfumo unaandika kwamba ni mimi."

Kwa hiyo ombi likatumwa kama ujumbe kwenye simu ya mkwe, Nathanaeli Mwazembe, mkulima wa kahawa: mtaalamu wa Ikinga anaomba kusoma historia ya ng'ombe huyu, unakubali au unakataa? Ng'ombe alikuwa wa kupandikizwa kabla joto lake la kutafuta dume halijaisha. Fortunata akakaa kwenye kigoda akisubiri, mchana mzima.

Nathanaeli aliuona ujumbe mapema. "Niliirudisha simu mfukoni," anasimulia kutoka Itaka. "Nilijua kilichomo. Kule kwangu ndama alikuwa mkubwa, tukamvuta kwa kamba, akafa. Sikumwambia mkwe. Nilitaka kijana wangu aoe."

Ni nini kilichombadilisha? "Nilimfikiria Ikupa. Anapika hapa kwangu, ananiita baba. Ng'ombe wa kwao akifa kwa sababu ya ukimya wangu, nitakula vipi chakula chake? Nikakubali."

Jua likikaribia kuzama, historia ikafunguka. Fortunata akaweka Friziani pembeni na kutumia Jezi, ambao ndama wao ni wadogo. Alimweleza mzee Watson sababu. Mzee akasema asante, basi. Wakwe hao hawakuligusa jambo hilo tena.

Zizini, kichwa kimetokea. Fortunata anavuta taratibu, anangoja, anavuta tena, na ndama anateleza kwenye majani makavu. Ni jike. Anapiga chafya, Tumpale anapiga vigelegele, na mzee Watson analia waziwazi bila kujali mgeni mwenye kalamu.

Fortunata ananawa mikono. Ana ombi ambalo ameshalipeleka Vwawa: mfugaji akitoa ng'ombe wa mahari, aulizwe siku hiyohiyo kama anamkabidhi pamoja na historia yake. "Watu wetu wanaona haya kuulizana," anasema. "Mfumo hauoni haya. Natamani uwe unauliza kwa niaba yetu."

Kisha anafungua simu kumsajili ndama. Mmiliki? Watson Kibona. Kuna mwingine wa kupewa ruhusa ya kuona?

"Mkwe Nathanaeli," anasema mzee.

"Aone nini, mzee? Chanjo tu, au na magonjwa?"

Mzee anajifuta uso kwa kiganja. "Yote, mwanangu. Huyu ndama akiugua, mkwe wangu asisikie kwa watu."