Sauti ya Mama wa Kwaya Kliniki

Juzi, kwenye kliniki moja ya Walukuba, nilimkuta mama anayeongoza kwaya yetu amekaa kwenye benchi. Nikajifunika leso usoni. Nilikuwa nimekuja kupima magonjwa ya zinaa, maana tumbo la chini liliniuma wiki nzima, lakini pale mapokezi nilidanganya kwamba naumwa malaria.

Nesi akamwita mama yule. "Haya ya zinaa mnapimaje, binti yangu?" mama akamuuliza nesi, benchi lote likasikia.

"Damu, mkojo, na kijiti cha pamba. Unajipangusa mwenyewe ukeni, mama. Hakiumi."

"Hiyo tu? Na mimi nimeogopa mwaka mzima!" Akainuka akicheka.

Nikamfuata nesi, nikamwomba afute malaria kwenye fomu yangu, aandike vipimo vya zinaa. Mungu anisamehe, Jumapili ngapi nimelalamika kwamba mama yule ana sauti kubwa mno!