Saa Kumi na Mbili ya Kiritiri

Mwenyekiti wa chama chetu cha maziwa ya mbuzi alinipa habari akiwa bado mlangoni mwa ofisi ya Makutano: kamati ingeketi mchana huo kukataa maziwa ya mama mmoja wa Kiritiri. Kompyuta ilionyesha kwamba maziwa yake hulala nyumbani tangu adhuhuri hadi kesho yake.

"Madam, huyo anatuletea mtindi."

Kompyuta ilikuwa kazi yangu, nikafungua faili za vituo vya kupokelea maziwa, maandishi matupu, mstari mmoja kwa kila mtungi. Mama yule aliandika kwamba alikamua saa 12. Kwake, kama kwa mama yangu mzazi, hiyo ni alfajiri. Kompyuta iliisoma kuwa adhuhuri ya jana yake. Karibu wafugaji wote wa huko kwao Mbeere waliandika vivyo hivyo.

"Basi waandike saa za kizungu."

"Mwenyekiti, ukiniita saa nne, hutarajii nije saa kumi usiku."

Akaguna. "Haya. Kamati inaketi saa nane."

Faili zilikuwa nyingi mno kusahihishwa kwa mkono. Niliandika skripti, programu fupi kwa lugha ya kompyuta ya Perl, ya kuzungusha saa ya kukamua kwa saa sita na kuhifadhi mabadiliko papo hapo, ndani ya faili ileile. Niliiagiza pia iache nakala ya asili kando, kwa kuwa kilichofutwa namna hiyo hakirudi chenyewe.

Kiritiri kukanyooka, kituo cha Laare kukaharibika. Karani wa Laare, mwalimu mstaafu, huandika kizungu. Mbuzi waliokamuliwa saa 5 alfajiri sasa walikamuliwa saa 11, jua likiwaka.

Nilirudisha nakala, nikafikiri upya. Hakuna akamuaye usiku wa manane wala wakati wa jua la utosini. Skripti iguse 11, 12 na 1 tu, ambazo kwa kizungu huangukia nyakati hizo. Saa nyingine zipite zilivyo. Kisha nikalinganisha faili mpya na za asili, mstari kwa mstari, nisije nikamwokoa mmoja kwa kumponza mwingine.

Kamati ilipoona ripoti mpya, mwenyekiti alimpigia mama simu mbele yetu, sauti ikisikika kwa wote.

"Mama, kesho lete maziwa kama kawaida. Kompyuta yetu ilikosea saa."

"Kwani hiyo huamka saa ngapi?"

Watu wakacheka. Mama akauliza kama sasa aandike kwa namna nyingine. Mwenyekiti akanitazama. Nikamwambia mama aendelee kuandika kama anavyosema nyumbani kwake. Skripti nilikuwa nimeipanga isahihishe saa kila asubuhi kabla ripoti haijatoka.