Maneno Yaliyopitia kwa Mwalimu

Kaka yangu alikuwa fundi saa. Kwa miaka thelathini aliinamia kimeza chake chini ya ngazi za jengo la posta, kioo kimoja jichoni, akifungua saa za watu asiowajua. "Mtu akikuachia saa yake," alikuwa akisema, "amekuachia na imani yake." Wenzake walimwita Dakika. Hakujua kutulia, hata akila, kidole chake kiligonga meza.

Jioni kabla ya kumzika, niliingia kwenye baa yake kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Ndiyo baa kongwe pale mtaani. Kaunta yake imelika kwa viwiko vya watu waliokwisha kufa. Mimi ni mtu wa kwaya, na nilikuwa nimeapa kutokanyaga humo. Lakini tangu afariki sikuwa nimelala. Humo ndani kulikuwa na mtu mmoja ambaye kaka alikufa bila kusemezana naye, na sikutaka kaka aende kaburini na fundo hilo. Nilikwenda kumwombea msamaha.

"Leo malaika wameshuka!" mlevi mmoja akapaza sauti. "Ficheni chupa!"

Sindano, fundi cherehani, alikuwa meza ya dirishani. Kwa miaka kumi na mmoja yeye na kaka walikaa meza hiyohiyo kila jioni bila kuzungumza. Hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake dirisha. Likitokea jambo, walilipitisha kwa mwalimu mstaafu aliyekaa katikati. "Mwalimu, mwambie huyo bwana asogeze kiwiko." "Mwalimu, mwambie kiwiko changu kina hati ya kiwanja."

Chanzo kilikuwa drafti. Sindano alikwenda msalani, akarudi akadai kete imehamishwa, akamwita kaka mwizi mbele ya baa nzima. Fundi saa, kuitwa mwizi! Neno lilitangulia kufika mtaani kabla yake. Wateja wakaanza kumsimamia kichwani wakimchunga mikono. Wengine hawakurudi kabisa.

Mwalimu alinivutia kiti cha kaka. "Kaa, dada. Pole sana."

Sikuweza kukaa. Nilikuwa nimevaa saa ya marehemu. Ilinilegea, ikawa inanigonga mfupa wa mkono kila nilipojigeuza, na nilikuwa najigeuza sana.

"Ndugu," nikamwambia Sindano, "kesho tunamzika. Kama alikukosea, nakuomba umsamehe."

Hakuniangalia. Alizungusha kizibo mezani, kikaanguka, akakiokota, akakizungusha tena.

"Mwalimu, mwambie huyu mama hakuna cha kusamehe."

"Ana masikio. Mwambie mwenyewe."

"Nimezoea kupitia kwako." Kizibo kikaanguka tena, safari hii akakiacha. "Mwambie kete niliihamisha mimi. Nilikuwa nimeshashindwa. Niliisogeza kabla ya kuinuka, niliporudi nikapiga kelele. Nilidhani kesho yake tungecheka."

Mwalimu alipiga meza kwa kiganja. "Miaka yote hii nimebeba maneno yenu kama punda," akasema, "kumbe gunia lina mawe!"

"Kwa nini hukumwambia?" nikauliza.

"Kila jioni nilikuja kumwambia. Unafikiri kwa nini sikuhama meza?"

Nilitaka kutoka, na nilitaka kumpiga. Nilifika mlangoni nikarudi.

"Siku ile ulisema mbele ya watu," nikamwambia. "Watu hawa hapa."

Akainuka, ameshika ukingo wa meza. "Jamani," akasema, "Dakika hakuiba kete. Niliiba mimi."

"Sauti!" mlevi yule akadakia.

Akarudia kwa nguvu. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja pale kaunta akavua kofia.

Hapo ndipo Sindano aliponitazama usoni, bila kupitia kwa mtu. "Dada, utanisamehe?"

Kila Jumapili nawafundisha watoto kusamehe. Nilijua neno linalotakiwa. Nililifikisha ulimini, likagoma kutoka. Nilikwenda tena mlangoni, nikaushika mlango, nikauachia, nikaushika tena.

"Mwalimu," nikasema, "mwambie huyu bwana bado naliombea hilo. Lakini mazishi ni saa nne asubuhi, na asichelewe. Kaka hakupenda watu wanaochelewa."