Mtoto Aliyeshonwa kwenye Suruali ya Karani

Mume wangu alikuwa mtu mwema. Naandika hilo kwanza, nisije nikamwonea huko mbele, maana shule niliyosoma ni ndogo na kalamu ikinikimbia siwezi kuikamata.

Alikuwa fundi cherehani hapa Gisenyi, kwenye baraza moja na mafundi wenzake, mbele ya nyumba yetu. Mimi nilikuwa nauza nguo za watoto alizoshona, kila siku ya soko, kule Mahoko. Yeye anashona, mimi nauza: tuligawana kazi sawasawa kabisa. Kupika, kuchota maji, kufua na kulea hatukugawana, kwa sababu hizo hazikuhesabiwa kuwa kazi. Zilikuwa zinajifanya zenyewe, kila siku, kwa mikono yangu.

Siku za soko mtoto alikuwa anabaki na mdogo wangu. Mdogo wangu akaolewa. Mtoto alikuwa anatambaa na ana kikohozi, na kumpandisha juu ya lori kwenye ile baridi ya alfajiri sikuthubutu. Na Mahoko ukikosa soko moja tu, mahali pako panakaliwa na mwingine, na kumwondoa ni vita. Mimi mahali pangu palikuwa kibandani, kando ya njia. Nilikuwa nimepapata baada ya kukaa sana nyuma kwenye matope, jirani na mbuzi.

Nikamwambia, "Baba mtoto, kesho utabaki na huyu."

Akasimamisha cherehani. "Mimi?"

"Iko baba yake mwingine?"

"Mama mtoto, mi niko na kazi."

"Na mi ninaenda kutembea, basi."

Mama mkwe alikuwa anachambua maharagwe mlangoni. Miguu ilikuwa imemvimba, hakuweza kumfukuzia mtoto, na hilo si kosa lake. Ulimi ulikuwa mzima. "Mwanaume abebe mtoto mgongoni!" akayaambia maharagwe. "Kweli nimeishi sana."

Mume wangu akafikiri mpaka chai ikapoa. Mgongoni, hapana, huko ni kwa wanawake. Lakini mapajani? Juu ya mapaja hakuna mtu aliyewahi kusema kitu. Akafurahi kama mtu aliyegundua dawa. Nami nikapanda lori.

Yaliyofuata sikuyaona. Nimeambiwa na mafundi wa barazani, na mume wangu mwenyewe, ambaye habari yake ni fupi kuliko zao. Mtoto aliyapenda yale mapaja. Mguu ukikanyaga cherehani, paja linapanda, linashuka, mpaka akalala, kifua chake kwenye meza ya cherehani. Sasa, mtoto wa fundi huvaa mabaki ya wateja, na shati lake lilikuwa kaki ileile ya suruali ya karani iliyokuwa inapindwa siku hiyo. Kaki juu ya kaki, fundi akashona tu vyote pamoja.

Karani akafika. Mume wangu akainyanyua suruali kumwonyesha, na mtoto akapanda nayo, akilia.

"Fundi," karani akasema, "mi nilileta kitambaa cha suruali. Mutoto sikuagiza!"

"Chukua tu, bwana karani," fundi wa pembeni akadakia. "Hiyo ni nyongeza, bei haipandi."

"Bon, na hilo shati? Si ulisema kitambaa changu hakikubakiza kitu?"

Hapo, wanasema, hata aliyekuwa anapiga pasi aliiacha pasi akashika mbavu.

Niliporudi jioni, mume wangu hakunisalimia. "Mahoko imekwisha," akasema. "Utakaa nyumbani."

Nikaliangalia lile shati lililofumuliwa. Mshono ulikuwa umepita karibu sana na tumbo la mtoto. Nikaona pengine ana haki. Mimi ni mtu wa kuona mwenzangu ana haki, ni ugonjwa wangu. Lakini nikakiona na kibanda, na mwanamke mwingine amekaa ndani yake, amenyoosha miguu.

"Basi umfunge mahali sindano haifiki," nikasema, sauti ndogo.

"Wapi?"

Aliyejibu ni mama mkwe. "Na kibanda kikienda, hizi nguo atanunua nani? Karani?" Akainuka na miguu yake ile, akachukua kitambaa changu cha kubebea. "Inama, mwanangu. Mgongo hata mwanaume iko nao."

Akainama.

Siku ya soko iliyofuata aliingiza cherehani chumbani, akafunga mlango nusu. Aliwaambia wateja kwamba barazani kuna jua kali. Ilikuwa inanyesha. Waliochungulia walimsifu: mume wa namna hii hapatikani! Na kule Mahoko wanawake waliniuliza mtoto nimemwacha na nani. Nilipowaambia, walisikitika: maskini, huyo baba! Mimi nilikuwa nimembeba mtoto huyohuyo tangu azaliwe, na mzigo kichwani, na hakuna aliyesikitika. Lakini niseme haki, sikuwahi kuwaomba.

Asubuhi ile, kabla sijatoka, mume wangu alikuwa amesimama katikati ya chumba na mtoto mgongoni, anangoja.

"Hata asante hakuna?"

"Asante sana, baba mtoto. Mungu akuzidishie."

"Sema vizuri."

Nikarudia, vizuri zaidi, tena kwa sauti ya kufika kwa jirani, maana dereva alikuwa ameshapiga honi na lori lilikuwa linaanza kusogea.