Nguo ya Kipondo

Tarehe kumi na nne Juni, mwaka jana, nilimpoteza mke wangu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, na chai yake ilikuwa bado ya moto. Sitasema zaidi kuhusu siku ile, kwa sababu sijui kuisema vizuri.

Mimi ni fundi cherehani, Mkongo wa Bukavu, na kibanda changu kiko Turffontein, huku Joburg. Mke wangu alikuwa Mpondo wa Eastern Cape, huko wanakozungumza Kixhosa. Tulipomzika kwao, mama mkwe alinishonea kipande cha kitambaa cheusi kwenye mkono wa koti, akasema nisikitoe mpaka mwaka uishe. Ndiyo desturi yao kwa mwanamume aliyefiwa. Nikakaa nacho. Mteja mmoja aliniuliza hiyo ni nembo ya timu gani. Nikamwambia ni ya ile iliyofungwa.

Mwaka ulipokaribia kutimia, mama mkwe alipiga simu.

"Mwanamume avuliwe msiba pale anapolala," alisema. "Magoti yangu hayawezi tena basi, namtuma binti yangu mdogo. Ila mtoto asimame kando yako, amevaa kikwetu. Mnipigie video nimwone."

Mtoto ni binti yetu. Amezaliwa hapahapa, anazungumza Kizulu na Kiingereza, na Kiswahili changu anakisikia zaidi ya anavyokijibu. Habari ile ilimnyima raha.

"Papa, bibi atasema mimi ni mtoto wa Joburg."

"Si kweli?"

"Ndiyo maana naogopa."

Mama yake alikuwa amemwahidi kumshonea nguo hizo. Nikaona nizishone mimi, kwa siri, akiwa shuleni. Nilikwenda mjini, kwenye duka la vitambaa, nikaomba kitambaa cha Kixhosa. Mwenye duka hakuinua hata kichwa. Akakunjua jora la rangi ya udongo mwekundu, akanikatia. Nilishona sketi na shali ya mabegani, nikazungusha mistari ya utepe mweusi, kila mmoja nimeupima kwa rula. Kusema ukweli, zilipendeza.

Shemeji alishuka basi siku ya Ijumaa, na mfuko wa mahindi ya kupikia kande zao. Nikamtandikia nguo kitandani azione. Alikaa. Halafu akacheka mpaka akavua viatu.

"Sbali," alisema, ndivyo wanavyomwita shemeji, "kazi ni safi kabisa. Tatizo ni moja tu, hii nguo ni ya jirani."

"Jirani gani?"

"Wagcaleka, ng'ambo ya mito. Sisi Wapondo ni buluu ya anga na nyeupe. Mama akimwona hivi atadhani mmeshamwozesha huko."

"Lakini nyote si Waxhosa?"

"Na wewe, watu wa hapa wakikwambia uwaimbie Kilingala, unawaimbia?"

Kila wiki kuna mteja ananiwekea muziki wa Kinshasa kwenye simu yake na kuniomba nimfasirie. Kilingala sikijui, kwetu ni Kiswahili. Nimeshachoka kueleza kwamba Kongo ni kubwa.

Binti akarudi kutoka shule akatukuta hapo. Aligusa utepe. "Nzuri, papa," alisema, kwa sauti ya mtu aliyepewa viatu vya kumbana. Shemeji akamweleza habari ya Wagcaleka, kisha akajaribu kuokoa mambo.

"Avae tu. Tutamwambia mama simu yetu ina rangi mbovu."

"Eish, hapana," binti alisema. "Bibi ataniona kama mgeni."

Alichezea mkanda wa begi.

"Lakini mama alishanunua kitambaa. Kipo dirishani."

Tukamfuata jikoni. Pale dirishani palining'inia pazia la buluu ya anga. Tulipohamia, mke wangu alilitundika kwa sababu dirisha linatazamana na bafu la jirani. "La muda tu," aliniambia, na mimi sikuuliza muda wa nini. Mwaka mzima nimeosha vyombo mbele yake.

Shemeji alilishusha, akalinusa. "Vitunguu," alisema. Ukanda mmoja ulikuwa umepauka kwa jua. "Huu tutauingiza kiunoni. Nani ataufunua?"

Usiku ule lilikaa kwenye maji ya sabuni na asubuhi likaanikwa. Lilipokauka tukaanza, sote watatu. Niliufumua utepe kwenye ile sketi nyekundu. Nilipotoa rula, shemeji aliichukua akaikalia.

"Fuata jicho," alisema.

Mstari wa mwisho binti aliushona mwenyewe kwa cherehani. Ulikwenda upande kidogo. Nilitaka kuufumua, akanikataza.

Mchana shemeji alizikata nyuzi za mkono wangu kwa wembe, akakichoma kile kitambaa cheusi kwenye bati, huku akiwaambia waliotangulia kwamba msiba umeisha. Binti alikuwa kando yangu, amevaa nguo ya buluu, ameushika mkono ule uliofunguliwa. Kwenye simu, bibi yake alionekana paji la uso tu.

"Geuka," alisema bibi.

Binti akageuka.

"Tena."

Akageuka tena. Nikadhani mtandao umekatika. Halafu mama mkwe akamwita kwa jina la ukoo wao, lile wanalomwitia mtu wanapomshukuru au kumtuliza. Mpaka siku ile, katika nyumba yangu, alikuwa akimwita hivyo mke wangu peke yake. Binti aliitikia. Shemeji akaenda kutazama kande, ingawa hazikuwa zikiungua.

Jioni nilikwenda kuosha vyombo. Jirani alikuwa bafuni kwake anapiga mswaki, akanipungia mkono. Nikaichukua ile sketi ya Kigcaleka, nikaifumua kiunoni, nikaitundika dirishani.