Fimbo ya Gofu Si Jembe

Hivi mwanangu, ukiletewa fimbo ya gofu imepinda, utaanza kuishika wapi? Usicheke. Mimi niliwahi kuletewa, hapa hapa Nkololo!

Nakumbuka ilikuwa ile miaka soko la pamba lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaja na mashine zao za kuchambua pamba. Fundi mmoja wa hizo mashine, bwana mtu mzima kabisa, jioni anaingia shamba lililovunwa, anapiga kampira kwa fimbo ya chuma. Wachungaji wanaacha ng'ombe wanatazama.

"Anaua nini yule?"

"Haui kitu. Anatafuta kishimo."

Tunacheka mpaka tunakaa chini.

Basi siku moja akapiga jiwe, fimbo ikapinda. Akaileta kwenye banda la mume wangu, fundi baiskeli, pamoja na mpini mwingine mzima. Kazi ni kung'oa kichwa, kile chuma kinachopiga kampira, na kukihamishia huko. "Mpini ni wowote," akasema, "lakini kichwa ni cha marehemu baba yangu. Sina kingine."

Mume wangu alikuwa amebanwa na baiskeli za watu. Mimi ni mke mgeni, nimeshamsumbua sana anifundishe kazi. Akanisukumia fimbo, akaniita mama kwa Kisukuma: "Haya mayu, si unataka ufundi? Ila ukiharibu hiki kichwa, bandani hukanyagi tena."

Mimi nilichojua ni jembe. Jembe letu unautia ule mkia motoni mpaka uwe mwekundu, unauchomeka kwenye mpini, basi. Nikaona chuma ni chuma, nikapuliza mkaa.

Kumbe baba mkwe yuko nyuma ya ua wa minyaa. Zamani, mwanangu, mkwe wako hakai nawe wala hakutazami usoni. Akitaka kunigombeza mimi, anamgombeza mbuzi.

"We mbuzi! Umetazama hicho kichwa kiliingiaje, au unakichoma tu kwa sababu moto unao?"

Nikaacha kupuliza. Mbuzi mwenyewe anatafuna tu! Nikamwambia huyo huyo mbuzi, "Sijatazama, baba."

"Basi tazama!"

Nikachokoa pale shingoni, ikatoka gundi ngumu kama ukucha. Loo! Kumbe kimegandishwa. Ningekitia kwenye ule moto wangu, kichwa cha marehemu kingelainika kikaharibika. Nikachukua koleo la baiskeli, mzee akasikia likilia.

"Mbuzi, hilo litang'ata bomba la mpini, likatikie ndani ya kichwa. Kitengenezee chombo chake."

Nikachonga vipande viwili vya mti, kila kimoja na mfereji katikati, nikavitandika mpira wa tyubu, nikaubana mpini humo kwa boliti. Haukubonyea hata kidogo. Nikapasha shingo polepole kwa makaa machache mpaka gundi ikalegea, nikashika kichwa kwa gunia bichi, nikavuta. Kikatoka chenyewe, kama jino la mtoto! Halafu nikaponda ncha ya spoki, nikaikunja, nikakwangua gundi ya zamani yote. Tukanunua gundi mpya ya kuchanganya, nikakiunga kwenye mpini mzima, tukaiacha ikauke.

Yule bwana alipokuja aliigonga fimbo, akaikodolea jicho, akapiga kampira pale pale mpaka ng'ambo ya ua. "Wabeja, mayu!" Kisukuma chenyewe alikijua hicho tu cha kushukuru. Mume wangu alisogeza baiskeli zake, akaniachia upande mmoja wa meza. Ule upande nimeufanyia kazi mpaka macho yaliponikatalia.

Basi mwanangu, nguvu unazo, na hasira ya kazi unayo, naijua. Ila kitu usichokijua, kitazame kwanza kilivyofungwa. Ukikosa chombo cha kukifungulia, tengeneza. Usikilazimishe kwa kile ulichozoea kushika. Mungu akupe mikono isiyo na haraka, na watu wa kukusema mapema kabla hujaharibu.

Huyu ninayemwita mwanangu ni mjukuu wangu Kija, anayekwenda kusomea useremala Maswa; nilimweleza haya juzi tu. Akacheka, halafu akanishika mkono. "Bibi, likizo nikirudi, kile kitanda chako kinacholia sitakipigilia hata msumari mmoja, mpaka nimelala chini yake nikakitazama."